Waliotufundisha mpunga Chekereni, kwao mchele umewashindaje?

Mtaro_wa_Pili (Moshi):
Wadau habari za jioni. Mi nalima Chekereni, majaruba kaniachia mzee, yeye alikuwepo kipindi Wajapani wanamalizia mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi 1987, mpaka leo anakuhadithia jinsi Mjapani alivyokuwa anaingia topeni na kamba kunyoosha mistari ya kupandikiza utadhani anapima msingi wa nyumba. Sasa nasoma kwenye simu kumbe 2025 mchele kwao ulipanda bei mara mbili ya mwaka uliotangulia, mfuko wa kilo 5 ukapita yeni 4,000, na waziri wa kilimo akaachia ngazi. Wataalamu wote wale wanakosaje mchele? Na si waagize tu Thailand yaishe?

Babu_Kahawa:
Kijana, walipunguza wenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 serikali ilikuwa inawalipa wakulima ili wapunguze mpunga, maana watu walihamia mkate na nyama, maghala yakafurika, na bei ikishuka mkulima ananuna, na mkulima wa kule ana ushirika mkubwa unaitwa JA ambao chama cha LDP kinautegemea kwa kura. Rasmi wamefuta 2018 ila ruzuku ya kulima kitu kingine badala ya mchele wa kula ikabaki. Yaani umelima kiasi kile kile kinacholiwa, halafu joto la 2023 linaharibu punje, utachota wapi? Na huyo waziri, Eto Taku, hakuondoka kwa bei peke yake, alisema yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wake wanampelekea.

MamaLishe_Kilombero:
Hajawahi kununua 😂😂 na watu wanalia bei! Angekuja bandani kwangu ningempa ukoko tu.

Lori_Namanga:
@Mtaro swali la kuagiza ndo lenye utamu. Wajapani miaka na miaka msimamo ulikuwa hata punje moja ya nje isiingie. 1993 ikaja baridi wakati wa kiangazi, mavuno yakaanguka, wakaagiza wa Thailand kwa shingo upande na watu wakausema vibaya eti mkavu, una harufu, wao wamezoea ule wa punje fupi unaonata. Mwaka huo huo kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia ya GATT wakakubali kufungua kidogo, sasa hivi ni kama tani 770,000 kwa mwaka bila ushuru, ila mwingi unaishia kwenye chakula cha mifugo, viwandani na misaada, mezani unafika kidogo. Ukizidisha hapo unalipa yeni 341 kila kilo. Hiyo 2025 bei ilipaa mpaka kampuni zikalipa huo ushuru na bado zikapata faida, fikiria.
Halafu wanasema wanalinda kujitosheleza kwa chakula. Ukihesabu kwa kalori wanajitosheleza asilimia 38 tu! Mchele karibu wote ni wao, lakini ngano, soya, mahindi ya kulishia mifugo vyote vinakuja na meli.

Babu_Kahawa:
Waziri aliyefuata, Koizumi Shinjiro, ndo akafungua ghala la akiba kwa wauza maduka moja kwa moja, kilo 5 zikauzwa kama yeni 2,000, foleni ikawa ndefu. Ila Lori usiwacheke sana, sisi Afrika Mashariki mchele wa nje tunaupiga ushuru wa asilimia 75.

Lori_Namanga:
Sicheki mzee. Nairobi wakiachia wa Pakistan uingie bila ushuru, mi nalala mpakani na mzigo siku tatu dalali hapokei simu.

Mtaro_wa_Pili:
Aisee. Kumbe wale wakulima wa Japani ni mimi kabisa, bei ikiwa juu natembea kifua mbele. Shida mi nauza mpunga wote shambani kulipa powatila na ada, baada ya miezi mitatu wife anarudi dukani na kilo mbili za mchele ananiuliza, baba fulani, hivi sisi tunalima nini? Ngoja niwahi, leo usiku zamu yangu ya maji na jirani wa juu ana tabia ya kuziba.