Tupeane uzoefu: picha yako namba moja maishani, na je, steringi (mchezaji mkuu) alipona?

Wakuu, habari za jioni.

Jana usiku nimekaa nikairudia Fist of Fury ya Bruce Lee, ile filamu ya 1972. Nimelala saa tisa, na hadi sasa sijakaa sawa. Ngoja niwaeleze.

Nimekulia Mwananyamala. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na kibanda umiza: mabati, mabenchi, deki moja na televisheni iliyokuwa ikipigwa kofi ubavuni ndipo rangi zirudi. Kiingilio shilingi 50. Mwenye kibanda tulimwita Bosi, na alikuwa hana msalie mtume. Huna hela, utachungulia kwenye tundu la msumari, tena kwa zamu.

Mnaoijua picha mtakumbuka. Chen Zhen anarudi Shanghai, anakuta mwalimu wake amekufa, baadaye anagundua alilishwa sumu. Hapo tena ni kipigo. Anaingia dojo la Wajapani peke yake anawalaza wote. Anafika kwenye geti la bustani, kuna kibao kinasema mbwa na Wachina hawaruhusiwi, anakivunja kwa teke kikiwa hewani. Pale kibanda kizima kilisimama.

Sasa mwisho. Nje askari wamejipanga na bunduki. Steringi anawakimbilia, anaruka, na akiwa juu hivyo hivyo picha inaganda. Basi. Tulijua deki imekwama! Tukapiga kelele, tukadai hela zetu. Bosi akatoka na ufagio: "Nyie watoto, mmeona damu? Steringi hafi. Nendeni kwenu."

Tuliishi na hukumu hiyo. Tukibishana shuleni, jibu lilikuwa moja tu: mmeona damu? Jana nimevaa spika za masikioni, picha imeganda, na nyuma yake risasi zinasikika vizuri kabisa. Zile kelele zetu ndizo zilizofunika. Nina miaka 41 na nimejikuta nina msiba wa mtu aliyekufa nikiwa darasa la nne.

Haya, lete yako. Moja tu, usinipe orodha. Uliionea wapi, na steringi alipona?

Mzee wa Magomeni
Kijana, pole na msiba. Wangu ni wa zamani zaidi. Sholay, ya 1975. Niliionea Drive-in ya Msasani, pale penye ubalozi wa Marekani leo. Jumapili ya picha la Kihindi ilikuwa shughuli: unapika pilau mchana, unapakia familia nyuma ya pikapu, kile kispika unakitundika dirishani. Anayekaa mbali na dirisha anasikia nyimbo tu, maneno anasimuliwa.

Picha inazidi saa tatu. Wezi wawili, Jai na Veeru, wanakodiwa na polisi mstaafu aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh wamkamate. Kila wakipishana, Jai anarusha sarafu, na sarafu inaamua. Mwisho inaamua Jai abaki darajani kuzuia majambazi, mwenzake akimbie. Jai, yaani Amitabh Bachchan, anakufa. Veeru anaiokota ile sarafu, anaigeuza: pande zote mbili ni sawa. Kumbe muda wote Jai alikuwa anajichagulia mwenyewe.

Marehemu baba, ambaye hata kwenye mazishi ya mama yake sikumwona akitoa chozi, alishuka garini akasema anaenda kuangalia tairi. Alikaa huko kwenye tairi muda mrefu sana. Mama akatukataza tusimfuate.

Binti wa Majengo, Mombasa
Mimi ni Titanic, wala sioni haya. Lakini sikizeni nilivyoiona. Ilikuwa kanda mbili, ile ya VHS. Jirani yetu aliazima kwa shemejiye, akaletewa ya pili peke yake. Tukaitazama hivyo hivyo, tumejaa sebuleni mpaka mlangoni: meli yazama, watu wapiga mayowe, kijana afia kwenye maji ya barafu, na sisi hatumjui ni nani wala yule msichana kampendea nini. Mamangu akasema, "Huyu naye kwani hakuwa na kwao?"

Kanda ya kwanza ilikuja kama wiki tatu baadaye. Kwa hivyo kwangu mimi Jack alikufa kwanza, kisha ndiyo akapanda meli, akacheka, akapenda. Kila akicheka mamangu asema, "Maskini, hajui." Nimeitazama mara nyingi tangu hapo kwa mpangilio wake. Haina ladha ile.

Mgomba Mmoja
Nyie mnalia tu. Commando, 1985. Steringi anaibiwa binti yake, anakwenda kisiwani anaua jeshi zima, anatoka mzima, anamchukua mtoto wake. Hiyo ndiyo picha. Pale mwanzo Arnold anapotokea na gogo begani, sisi Tukuyu tulikwenda shambani kwa mzee tukakata mgomba kila mtu abebe. Mgomba wenyewe ulikuwa na mkungu. Steringi wa siku hiyo hakupona.

Mleta uzi
Mgomba Mmoja nimecheka hadi mke wangu ameamka.

Wa Eastlands
Nairobi Half Life, 2012. Sitasema sana. Yule Mwas mwanzoni yuko kijijini anauza DVD, na kila picha anaiigiza mbele ya mteja ndipo inunuliwe. Huyo ni mimi, ila mimi nilikuwa nauza mitumba. Alipona, lakini ukiangalia macho yake mwishoni huwezi kusema alipona. Halafu Mombasa, hiyo Titanic yenu ingepitia kwa DJ Afro, yule mtafsiri wetu wa picha anayetia chumvi, Jack angeogelea mpaka Likoni.

Dada wa Sinza
Mnisamehe, wangu si steringi wa kwenye picha. Nilikuwa nanunua kila kazi ya Kanumba. Kwenye picha zake analia, anaachwa, anazikwa, na wiki inayofuata yuko dukani kwenye kava jipya. Tarehe 7 Aprili 2012 asubuhi nikapigiwa simu kwamba amefariki, nikajibu, "Hiyo inatoka lini?" Nilikuwa nauliza kwa nia njema kabisa. Dar 2 Lagos ninayo hadi leo, sina tu kifaa cha kuichezea.

Msukuma wa Kirumba
Narudi kwa mleta uzi. Hiyo Fist of Fury sisi Mwanza tuliionea kwa mfasiri, anakaa pembeni na maiki, anatafsiri Kichina asichokijua. Picha ilipoganda hakutetereka. Akasema: "Hapo sasa Burusi anaruka ukuta, anatokea upande wa pili, anapanda basi. Askari wamebaki wanaulizana." Halafu akazima. Mimi hadi napoandika hapa najua alipanda basi.

Mleta uzi
Mkuu, basi la kwenda wapi? Alisema?

Msukuma wa Kirumba
Shinyanga.