Naomba ushauri wa hema la kwanza: tuko watano, Juni Mikumi, Desemba Lushoto

MamaWatatu_Mbezi

Wakuu, habari za wikiendi. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4. Hatujawahi kulala kwenye hema hata siku moja. Shule zikifungwa Juni tumekubaliana twende Mikumi na gari letu, Noah, tulale siku mbili kwenye kambi ya umma ndani ya hifadhi. Desemba tutakuwa Lushoto kwa wakwe, na huko tungependa kulala usiku mmoja mlimani na watoto wa shemeji. Kwa hiyo nataka hema moja litakalofaa safari zote mbili.

Bajeti ni laki nne. Kariakoo nimeonyeshwa hema jipya la "watu 4", jepesi, ukilirusha linafunguka lenyewe. Muuzaji anasema watoto bado wadogo, tutaenea. Kuna la watu 6 nimeliona mtandaoni, bei inazidi kidogo. Na kuna kaka anauza la mtumba la watu 6 kutoka Ulaya, bei yake nzuri, ila limekunjwa na sijaliona likiwa limesimama.

Safari hii aliyeiomba ni binti yangu mkubwa. Tangu mwaka jana anachora mahema kwenye madaftari. Sitaki usiku wake wa kwanza porini uwe wa kulowana na kutetemeka. Nisaidieni.

Karanga

La kujifungua lenyewe achana nalo. Hilo ni la kivuli cha ufukweni.

MpishiWaPori

Dada, nimepikia wageni wa safari miaka 14, Tarangire hadi Serengeti, na kusimamisha mahema ni sehemu ya kazi yangu. Nianze na hiyo namba.

"Watu 4" ni hesabu ya watu waliolala chali, bega kwa bega, bila begi na bila mtoto anayejigeuza. Watengenezaji wengi humkadiria mtu mmoja upana wa sentimita 60 hivi. Hema la watu 4 mara nyingi sakafu yake ni sentimita 240 kwa 210. Sasa pima kwa magodoro: nne kwa sita lina upana wa sentimita 120. Yanaingia mawili, yamegusa kuta zote, na pa kuweka kandambili hakuna. Wewe na baba mnalala moja, watoto watatu lingine, na huyo wa miaka 11 keshakuwa mrefu. Anayelala pembeni ataegemea ukuta usiku kucha, na ukuta wa hema alfajiri huwa na maji. Ataamka ubavu mmoja umelowa.

Nenda dukani na futikamba. Tafuta sakafu isiyopungua mita 3 kwa upande mmoja. Ikifika hapo, hata wakiandika ni la watu 5 au 6 haikuhusu. Kisha angalia kama lina kibaraza, ile sehemu ya mbele yenye paa lakini iko nje ya chumba cha kulala. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne kibaraza si anasa. Viatu vyenye matope vinabaki hapo, na usiku unaweka ndoo yenye mfuniko. Kambi za hifadhi hazina uzio. Saa nane usiku hutamtoa mtoto kwenda chooni mita hamsini gizani.

MamaWatatu_Mbezi

Asante sana kaka, nimepima hapa sebuleni na kweli hatuenei humo. Karanga, naomba unieleze zaidi kuhusu lile la kujifungua lenyewe, maana ndilo nililokuwa nimeshalitolea moyo.

Karanga

Samahani, niliandika kwa haraka nikiwa kazini.

Mengi ya aina hiyo yana kitambaa kimoja tu. Hema la kulala familia linatakiwa liwe na ngozi mbili. Ya ndani ni ya kupumua, yenye wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Ya nje ni ya kuzuia mvua. Kati yake panapita hewa. Watu watano wakilala wanatoa mvuke mwingi kwa pumzi na jasho, na usiku ukipoa mvuke huo hugeuka maji kwenye kitambaa cha baridi. Hema likiwa na ngozi mbili, maji hayo yanakaa upande wa ndani wa ile ya nje na kuteremka hadi chini. Likiwa na ngozi moja yanawadondokea. Watu wengi hudhani hema lao linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe. Ndiyo maana hata mvua ikinyesha usizibe matundu ya hewa ya juu.

Angalia pia namba ya kuzuia maji, huandikwa kwa milimita. 3,000 maana yake kitambaa kinahimili maji yaliyosimama kimo cha mita 3 kabla hayajaanza kupenya. Kwa paa, 1,500 ndiyo ya chini kabisa ya kuita hema la mvua. Kwa Lushoto ya Desemba usishuke chini ya 3,000. Sakafu iwe na zaidi ya hapo, kwa sababu goti la mtu likikandamiza udongo uliolowa, maji yanasukumwa kupanda. Ukikuta hema halijaandikwa namba yoyote, liache dukani.

NyotaYaBonde

Hujambo dada, nakusalimu kutoka Nakuru. Nataka nikueleze yaliyotupata Naivasha, Pasaka.

Tulikuwa na hema jipya la watu 6 kutoka duka la mtandaoni. Tulilifungua mfuko kwa mara ya kwanza pale pale kambini, saa kumi na mbili na nusu jioni, wingu limetanda. Fito hatukuzielewa. Mume wangu alishika tochi kwa meno, mimi nikisoma maagizo yaliyoandikwa kwa Kichina. Mvua ilishuka tukiwa bado tunatafuta ni wapi mbele na wapi nyuma. Aprili ndiyo mvua za masika zenyewe, tulijua, lakini likizo ni likizo. Tulipofaulu kulisimamisha, magodoro yalikuwa yamekunywa maji. Kisha saa sita usiku mshono wa juu ya dirisha ukaanza kudondosha tone, tone, tone, juu ya uso wa mtoto. Tulihamia garini sote wanne. Viboko tulikuwa tunawasikia wakila nyasi nje ya ule ua wa umeme, na mwanangu mdogo alilia hadi kukapambazuka. Ilinichukua mwaka mzima kumshawishi arudi.

Kwa hivyo ombi langu kwako ni moja. Hema lolote utakalonunua, lisimamishe nyumbani wiki mbili kabla. Lisimamishe mara mbili, mara ya pili usiku. Kisha chukua mpira wa maji, elekeza juu, limwagie dakika ishirini kama mvua, huku mtu mmoja ameketi ndani na tochi akikagua mishono na kona za sakafu. Sisi tungelifanya hivyo, tone lile lingetudondokea uani kwetu, mchana, tukiwa na duka karibu.

Fundi_Turubai

NyotaYaBonde kasema kweli tupu, mshono ndio mlango wa maji. Sindano imetoboa kitambaa kila milimita chache, na kama kiwandani hawakubandika utepe juu ya mshono, namba ya 3,000 haisaidii kitu.

Mama, hilo la mtumba mwambie kaka alisimamishe mbele yako. Akikataa, ondoka. Likishasimama, kwanza nusa. Likinuka kama matapishi ya mtoto, na ukigusa upande wa ndani wa paa pananata, utando wa kuzuia maji umeshaoza kwa kuhifadhiwa likiwa bichi. Hilo halitengenezeki, hata upewe bure. Pili, inua paa dhidi ya jua uone kama utepe wa mishono umebanduka. Ukiwa umebanduka sehemu ndogo tu, gundi ya mishono ipo na mimi huitumia. Tatu, vuta zipu zote kwenda na kurudi, polepole, hasa kwenye kona. Nne, hesabu fito, uone kama kuna kipande kimepasuka. Za fiberi hupasuka kwa urefu na kutoa vijiti vinavyochoma mkono. Za alumini hupinda, na ukiwa makini unaweza kuzinyoosha.

Mitumba ya Ulaya mingine ni mizuri kuliko mipya inayouzwa hapa. Nimeshona mahema yenye umri wa miaka kumi yakiwa na afya.

Dereva_Nyanda

Mimi nasema nunua la watu 8 mmalize kazi. Watoto wanakua.

MpishiWaPori

Ndugu yangu, la watu 8 kwenye Noah yenye watu watano, magodoro, jiko na chakula cha siku tatu, litakaa wapi? Uzito wake mara nyingi unapita kilo 15. Halafu hema kubwa sana hushika upepo, na halipati joto kwa miili mitano. La sakafu ya mita 3 kwa 3 linatosha, mizigo ibaki garini. Na chakula lazima kibaki garini, hata ganda la ndizi lisiingie hemani. Nyani wakijua kuna tunda ndani, zipu haiwazuii. Pale kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, tembo huja kunywa maji ya tangi wageni wakiwa wamelala. Mara nyingi hawagusi hema lisilo na harufu ya chakula. Zipu ifungwe mpaka mwisho muda wote, mchana pia, kwa ajili ya nyoka na siafu.

Halafu vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema viongezee misumari ya inchi 6 kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Udongo wa Mikumi ukikauka ni mgumu, vile vya kiwandani vinapinda kama spoku. Pigilia kwa kulaza, kichwa cha msumari kielekee nje ya hema, na misumari yenyewe ifungeni vitambaa vyekundu watoto wasijikwae.

MzeeSkauti

Mwanangu, nimesoma yote. Wamekushauri vizuri. Mimi nina la baridi.

Lushoto mjini tu ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na mlimani mtapanda zaidi. Mtu wa Dar akifika huko usiku kitu cha kwanza anachofikiria ni jiko la mkaa. Nakuomba kwa dhati, jiko la mkaa lisiingie hemani, wala kibarazani, hata makaa yawe yamebaki mekundu kidogo tu. Moshi unaouona si ndio unaoua. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, mtu anasinzia na haamki. Kwenye chumba cha matofali inaua, sembuse kwenye kitambaa kilichozibwa na watoto watatu ndani. Hili usimwachie mtu mwingine akukumbushie. Kabla ya kulala toka wewe mwenyewe ukaangalie jiko liko wapi.

Baridi ya kambini hutoka chini. Godoro la upepo peke yake huwa baridi, kwa sababu hewa iliyomo inapoa pamoja na udongo. Tandika turubai, juu yake mkeka, kisha blanketi la zamani, ndipo godoro. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo. Likitokeza linakinga maji ya paa na kuyaingiza chini yenu. Watoto wale washibe, wavae soksi kavu ambazo hazikutembelewa mchana, na kofia. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo inatosha kumpasha mtoto.

MamaWatatu_Mbezi

Shikamoo mzee. Hilo la mkaa nimemsomea mume wangu kwa sauti, maana kweli tulikuwa tumeshapanga jiko dogo liwe kibarazani.

Wakuu, nimefikia hapa: la Kariakoo nimeliacha. Jumamosi nakwenda kuliona la mtumba likisimamishwa, na Fundi, maneno yako nimeyaandika kwenye karatasi.

Karanga

Safi. Na ada za hifadhi andaa kadi au namba ya malipo mapema, getini hawapokei fedha taslimu.

MamaWatatu_Mbezi

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimelichukua la mtumba. Sakafu sentimita 310 kwa 290, ngozi mbili, kibaraza kikubwa, halinuki, fito zote zipo, zipu moja nzito kidogo lakini inafunga. Limebaki chenji ya kununua misumari, turubai na mabegi mawili ya kulalia.

Jana tumelisimamisha uani. Mara ya kwanza dakika 50. Mara ya pili, jioni, dakika 22, na binti yangu ndiye aliyekuwa anatuelekeza fito ipi inaanza. Kisha tukalimwagia mpira dakika ishirini kama dada wa Nakuru alivyosema, yeye akiwa ndani na tochi na daftari. Katoka na orodha: sakafu kavu, kona zote kavu, mshono mmoja juu ya dirisha la nyuma unatoa tone. Mshono ule ule wa Naivasha! Ameuzungushia chaki ili usipotee.

Fundi, gundi nimepata. Swali langu la mwisho: napaka upande wa nje au wa ndani?

Fundi_Turubai

Wa ndani wa ile ngozi ya nje, kwenye upande unaong'aa, ndiko utando uliko. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke, paka nyembamba mara mbili, nenda sentimita mbili kupita alama ya chaki kila upande. Liache limesimama usiku mzima ndipo ulikunje. Na mkirudi kutoka Mikumi, hata kama mvua haikunyesha, lianikeni kivulini kabla ya kulirudisha mfukoni, maana umande wa alfajiri peke yake unatosha kuliozesha. Msalimie mkaguzi wako.