MREJESHO: Kwa nini televisheni yetu ya jamii ina kamera mpya lakini haina mshahara

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini televisheni ya jamii ya mji wetu hapa Marekani, inayorusha kipindi chetu cha Kiswahili, ina kamera mpya kabisa lakini haina hela ya kumlipa mhariri wa video.

Ofisa wa manispaa alinifungulia mkataba wa mji na kampuni ya kebo, yaani televisheni ya kulipia inayokuja kwa waya. Kumbe mafungu ni mawili. Kwa sheria ya kebo ya Marekani ya 1984, mji unaweza kuitoza kampuni ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato yake ya kebo, na pesa hiyo mji unaitumia utakavyo, hata kwa mishahara. Fungu la pili ni la chaneli za jamii. Haliingii kwenye ile asilimia 5, ila ni la vifaa na studio tu. Sisi tunapata hili la pili. Lile la kwanza linamezwa na bajeti ya mji.

Kinachoniuma zaidi, intaneti haitozwi ada hii, na watu wanazidi kuacha kulipia kebo na kuhamia intaneti, hivyo pesa inapungua.

Tumeshaliandikia baraza kuomba mgawo wa fungu la kwanza. Mlio miji mingine, ombeni nakala ya mkataba wenu. Ni haki yenu kuusoma.