Korido ina swichi mbili, lakini taa inatii moja tu

Mwalimu wa Kiboswa

Hamjambo wana mjengo. Mwezi uliopita nimehamia kwangu hapa Kiboswa: vyumba vitatu, sebule, jikoni, na korido ndefu inayotoka sebuleni hadi mlango wa nyuma. Fundi wa stima alimaliza, akala kuku, akaenda Bondo. Simu hashiki. Mimi nimebaki na vituko.

Korido niliomba swichi mbili, moja sebuleni na moja mlango wa nyuma, ili nikitoka kufungia kuku nisipapase gizani. Ya sebuleni ikiwa imewashwa, ya nyuma inawasha na kuzima vizuri. Ya sebuleni ikiwa imezimwa, ya nyuma waweza kuibonyeza hadi kesho.

Halafu chumba cha wasichana: tukizima taa, balbu ya LED inabaki na mwanga hafifu kama jicho la paka. Mdogo ameapa ni jini, sasa analala kwangu.

Taa zote ni 14, za wati 9. Waya ni 1.5 (unene wa milimita mraba), breka yake, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, imeandikwa 20 (ampia).

Fundi Nyamasaria

Mwalimu, pole. Hilo la korido nimelirekebisha kwa watu mara nyingi. Swichi ya njia mbili ina skrubu tatu nyuma: C, L1 na L2. Moto, yaani waya wenye umeme, unaingia C ya swichi ya kwanza. Waya mbili zinatembea kati ya swichi, L1 kwa L1 na L2 kwa L2. Kisha C ya swichi ya pili ndiyo inayopeleka moto kwa taa. Fundi wako, kwenye swichi mojawapo, ameweka waya wa C pale L1 au L2, na ule wa kutembea akauingiza C. Ndiyo maana taa inawaka kwa mpangilio mmoja tu kati ya minne.

Mara nyingi kosa linatokana na kubadilisha aina ya swichi. Kuna zenye C juu peke yake, kuna zenye C pembeni. Fundi akizoea mahali badala ya kusoma herufi, anapotea. Zima swichi kubwa kabla ya kufungua chochote.

Hiyo ya jini inanisumbua zaidi. Huenda swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya moto. Taa inazimika, sawa, lakini moto umebaki pale juu kwenye holda. Siku ukipanda kiti kubadilisha balbu ukijiambia "nimezima", utarushwa. Msiguse hiyo balbu kabla swichi kubwa haijazimwa.

Babu wa Njoro

Fundi hapo juu amesema vizuri, ila asimtie mwalimu hofu yote. LED ni nyepesi mno. Waya zikitembea pamoja mbali ndani ya paipu moja, ile ya moto huambukiza jirani yake kidogo, na hicho kidogo kinatosha kuiamsha balbu hata kama swichi imeunganishwa sawasawa. Tesita ya bisibisi pia itadanganyika iwake. Mwenye mita apime holda kwa athi (waya wa ardhini), swichi ikiwa imezimwa: ikisoma karibu volti 240, ni nyutro iliyokatwa. Kazi hiyo mpe mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, si jirani mwenye plaizi.

Mimi ningeanza na breka. Taa 14 za wati 9 ni wati 126, haifiki hata ampia moja. Breka ipo kulinda waya, na kwa 1.5 hiyo 20 itakaa kimya waya ukichemka ndani ya ukuta. Weka 6, au 10 ikikosekana.

Mwalimu wa Kiboswa

Asanteni sana, fundi, na wewe babu. Jumamosi mchana nilipata kijana mwenye leseni kutoka Kisumu mjini. Korido alifungua swichi ya nyuma: C ilikuwa na waya wa kutembea, kama mlivyosema. Dakika kumi tu.

Chumba cha wasichana mita ilisoma 238. Fundi Nyamasaria, ulikuwa sahihi. Alipofungua vyumba vingine viwili, kimoja kilikuwa hivyo hivyo ila kina balbu ya kizamani, ndiyo maana hakikuonyesha dalili. Amebadilisha vyote, na breka sasa ni 6.

Mdogo bado analala kwangu. Anasema jini limehamia korido.