Naombeni ushauri: nataka kutoa maoni mbele ya kamati ya bunge la jimbo la Maine

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Lewiston, mji wa jimbo la Maine huku Marekani. Kuna muswada unaogusa haki za wapangaji, na jambo hilo linaniuma sana: mwaka jana mwenye nyumba alitupandishia kodi ghafla, tukahama na watoto kwenye baridi kali.

Nilichoelewa mpaka sasa ni hiki. Maine kamati za kudumu ni za pamoja, maseneta 3 na wawakilishi 10, na karibu kila muswada hupata siku ya wananchi kusikilizwa huko Augusta, makao makuu ya jimbo. Unasema unaunga mkono, unapinga au huna upande, kwa kawaida dakika 3 tu. Baadaye wajumbe hukaa kuuchambua, kisha hupiga kura ya mapendekezo. Wote wakikubaliana usipite, muswada huwekwa kando, na kuufufua kunahitaji theluthi mbili ya kura katika mabaraza yote mawili. Ndiyo maana naona vita vyenyewe viko kwenye kamati.

Sasa, mliowahi kwenda: nifike mwenyewe au nitume maandishi? Kiingereza changu bado hakijakaa sawa. Mkalimani nimwombe karani wa kamati? Na siku ya uchambuzi, ambapo wananchi aghalabu husikiliza tu, kuna faida kuwepo? Au nimpigie mwakilishi wangu kabla? Mwenye maelezo aliyowahi kusoma pale, tafadhali anionyeshe alivyoyapanga. Nimebakiwa na wiki mbili.