Tupeane uzoefu: unaishi na skizofrenia, pesa zako unazishikaje?

Niko Malindi, nafanya kazi jikoni hotelini, na nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Dawa tumezizungumza sana. Leo tuzungumze pesa. Kazi zetu hizi ni za msimu: Desemba hoteli zimejaa, mvua za Aprili zikianza tunaambiwa tukapumzike nyumbani. Dawa haina msimu.

Mimi nina laini mbili. Moja natembea nayo, ya matumizi. Ya pili ni ya akiba, laini anakaa nayo dada yangu, namba ya siri ninayo mimi, kwa hiyo hakuna anayetoa peke yake. Tuliandikiana nikiwa mzima: nikikesha mara mbili mfululizo, laini hanipi hata nimlilie, mpaka nifike kliniki. Wenzangu mnafanyaje?

*Mke wa mvuvi, Faza:*
Mgonjwa ni mume wangu. Kaskazi anavua vizuri, kusi ikivuma siku nyingi chombo hakitoki. Kwetu sisi kinachokula pesa si dawa, ni boti ya kwenda hospitali Lamu na kurudi. Alipotolewa kwenye vidonge akawekwa sindano ya mwezi, safari zikawa na tarehe. Sasa akirudi na samaki naanza na kibubu cha nauli, unga baadaye. Tajiri wa chombo naye hampi pesa za mbele mpaka anipigie. Hilo alilitaka mume wangu mwenyewe, msije mkasema nimemtawala.

*Kijana wa Maweni:*
Mama, kwako sawa, lakini mimi mtu kushika pesa zangu sitaki tena. Nilipotoka wodini kaka yangu mkubwa alichukua kadi ya benki, eti kwa usalama. Mtu mzima na ndevu zangu, naomba hela ya sabuni! Nia yake ilikuwa njema, sikatai, ila nilipopata nafuu kadi hairudi, mpaka mjomba akaingilia. Siku hizi nafunga akiba kwenye simu kwa miezi. Ukitaka kuvunja kabla ya muda, pesa haziji papo hapo, na huko kusubiri ndiko kunanifaa. Sauti zikija hutaka kitu sasa hivi. Mikopo ya simu nimejitoa yote.

*Mwenye uzi:*
Kaka, ndiyo maana namba ya siri sikumpa dada. Anayeshika awekewe na siku ya kurudisha, iandikwe.

*Mama, Langoni:*
Mwanangu akianza kuugua huwa mkarimu kupita kiasi, anakopa madukani alishe mtaa mzima. Nimepita duka kwa duka, yeye mwenyewe yuko pembeni yangu, tukasema deni lake lisizidi mia mbili. Wawili walitucheka. Hao hatununui kwao.

*Mwalimu, Malindi:*
Mlioajiriwa, ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili nao unasajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Anza na daktari akujazie fomu ya tathmini, kisha Baraza, kisha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wakupe cheti cha msamaha: shilingi 150,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Kilichonichelewesha mimi ni kuogopa mhasibu wa shule atajua. Amejua, na salamu zake ni zile zile.