Mkoba wa kashmiri na ngozi kutoka Italia: niushone vipi bila kuuharibu?

FundiWaKariokor

Habari zenu. Mimi ni fundi wa ngozi hapa Kariokor, mwaka wa kumi na moja sasa: sandali za shanga, mishipi, mikoba. Jumanne mama mmoja mtu mzima ameniletea mkoba aliouviringisha kwenye leso kama mtoto mchanga. Alitumiwa na binti yake anayefanya kazi Italia, na umetengenezwa na karakana ndogo ya huko. Mwili wake ni kashmiri (sufu laini ya mbuzi) nzito iliyofumwa, rangi ya majivu. Kitako na mishikio ni ngozi ya kahawia. Ndani kuna kipande cha ngozi kimepigwa chapa "fatto a mano", yaani kimetengenezwa kwa mkono, pamoja na ile alama ya ngozi iliyotandazwa.

Shida ni mbili. Mshikio mmoja umeng'oka. Ngozi ni nzima, uzi ni mzima, kilichoraruka ni sufu pale mshikio ulipoishika. Fundi aliyempelekea kwanza alimwagia gundi ya haraka na sasa pamekauka kama kucha. Halafu kuna matundu matatu ya nondo, moja linapitisha kidole.

Nimeukagua mchana mzima. Mishono imelala upande mmoja, mbele na nyuma sawasawa, kwa hivyo najua ni ya mkono. Nikiangalia ukingo wa ngozi ni kahawia mpaka katikati, haina ule mstari wa buluu ninaouona kila siku kwenye ngozi ninazonunua. Kusema kweli naogopa kuugusa. Nitumie cherehani au mkono? Ngozi kama hii naipata wapi Nairobi? Na hayo matundu je? Huyu mama hajauliza bei hata mara moja. Ameniuliza tu kama mkoba utapona.

Jamaa_Umoja

Kaka, piga cherehani mistari miwili na uzi wa nailoni, umalize kazi. Ukikaa wiki nzima na mkoba mmoja, kodi ya kibanda utalipa na nini?

MzeeMsharasi

Fundi, usiusogeze karibu na cherehani. Na wewe kijana wa Umoja sikukosoi kwa ubaya, kodi naijua, lakini sikiliza sababu. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, mstari wote huanza kufumuka. Mshono wa mkono ni uzi mmoja wenye sindano mbili, zinapishana kwenye tundu moja. Shono moja likikatika, jirani zake wanabaki wameshika. Tena sindano ya cherehani itatoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani, na ngozi ikishatobolewa haijifungi tena. Utakuwa umeichana kama stempu.

Sasa tazama kosa lilipo. Uzi haukukatika, ngozi haikukatika. Uzito wote ulikuwa unaning'inia kwenye sufu. Ukirudishia mshikio mahali pale pale kwenye sufu tupu, hata kwa mkono, mama atarudi baada ya miezi sita. Kata kipande cha ngozi nyembamba, kipana kuliko kitako cha mshikio kwa sentimita moja kila upande, ukiweke ndani. Sufu ikae katikati ya ngozi mbili kama nyama ndani ya chapati. Ukiweza, kipande hicho kirefushe kishuke mpaka kitako cha mkoba, ngozi ishikane na ngozi. Uzito ubebwe na ngozi, sufu iwe nguo tu. Toboa kile kipande kwa msharasi (sindano nene ya kutobolea ngozi) kufuata matundu ya zamani, usiongeze hata moja. Uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Usivute kwa hasira, sufu itajikunja.

Kuhusu ngozi. Ule mstari wa buluu ni kromu, kemikali ya kulainishia ngozi, ndiyo njia ya haraka na ndiyo inatumika zaidi duniani. Yenye kahawia mpaka ndani kwa kawaida imelowekwa kwenye dawa ya magome na miti, kazi ya wiki kadhaa. Italia sifa ya ngozi hiyo ni ya Toscana, kule Santa Croce sull'Arno. Wanatumia dawa ya mti wa chestnut, ya mti wa quebracho kutoka Amerika Kusini, na ya mimosa. Hiyo mimosa ndiyo miwati yetu. Mimi nimekulia karibu na Eldoret, nimeona magome ya miwati yakipakiwa kwenye malori kwenda kiwandani, na harufu yake sijaisahau. Ukinusa ndani ya huo mkoba, utanielewa.

Kwa hiyo waulize wauzaji ngozi ya soli, ile ngumu ya viatu vya zamani. Kata ukingo uone rangi kabla ya kulipa. Ichonge kwa kisu mpaka ibaki unene wa milimita moja.

MamaSweta_Toi

Mzee amesema ya ngozi, mimi niseme ya sufu. Nauza sweta za mitumba soko la Toi tangu watoto wangu wakiwa chekechea.

Kwanza nondo. Anayekula sufu si yule anayeruka, ni kiwavi wake, na mayai huenda bado yamo. Funga mkoba kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza wiki mbili. Usiruke hatua hii. Ukishona kabla, unashona na adui ndani.

Kashmiri ni sufu ya chini ya mbuzi wa sehemu za baridi, zaidi China na Mongolia. Mbuzi huchanwa baridi inapoisha, na mmoja hutoa kama gramu 150 hadi 200 tu zilizosafishwa. Unyoya wake kwa wastani hauzidi maikroni 19 (maikroni ni milimita moja ikigawanywa mara elfu), kama robo ya unene wa unywele wako. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana haisamehe. Mwaka fulani nilipata sweta ya kashmiri, kamera kabisa, yaani mtumba wa daraja la kwanza, nikaifua kwa maji ya moto. Ilishikana ikawa kama blanketi gumu. Niliumia sana, na mpaka leo naikumbuka nikiona rangi ile ya maziwa.

Gundi: asetoni kidogo kwenye pamba, kwa sufu peke yake, ujaribu kwanza pasipoonekana. Ngozi isiguswe, rangi itatoka.

Matundu usitafute uzi dukani, rangi ya majivu haipatani na majivu mengine. Geuza mkoba, tafuta kwenye mishono ya ndani, kuna ncha za uzi zimeachwa. Hizo ndizo za kutililia, yaani kuziba tundu kwa sindano. Fuata vitanzi kimoja kimoja, usifume wavu juu ya tundu. Kama huna mkono wa kazi hiyo, niletee. Kwa huyo mama sitatoza zaidi ya chai.

FundiWaKariokor

Nimerudi. Friza nilikopeshwa na dada wa kuuza samaki, mkoba ukiwa ndani ya mifuko mitatu. Ngozi ya soli niliipata duka la nne, shilingi 600 kipande. Mzee, ile harufu ni kweli. Gundi ilitoka kwa siku mbili. Matundu ya mshikio yalikuwa 22 na nimeshona 22. MamaSweta ametililia, na lile la kidole nalitafuta kwa macho silioni, mpaka nilipapase.

Kabla ya kumpigia simu niliujaza mawe ya kilo nne, nikautundika kwenye msumari usiku mzima. Asubuhi sufu ilikuwa haijavutika popote.

Mama amekuja leo. Aligeuza ndani kwanza, akapitisha kidole kwenye kile kipande kipya, akauliza mbona ni cheupe kuliko ngozi ya zamani. Nikamweleza kwamba kitaiva taratibu kwa mafuta ya mkono na mwanga. Akahamishia miwani yake, Biblia na chupa ya maji, akaondoka nao begani kuelekea Ngara.

Kipande kilichobaki nimekiweka juu ya paa la kibanda, nusu nimeifunika kwa gazeti. Nataka kuona jua linafika wapi kufikia Ijumaa.